Kaka na kile kikopo cha ukweni

Weee, uko? Kaka yangu kaumbuka ukweni leo, na mimi nikiwepo!

Unavijua vile vifaa vipya ambavyo mafundi umeme wanashauriwa wafunge, vya kukata umeme waya ukitoa cheche? Kaka, naye ni fundi umeme, alimwambia mama mkwe wake aachane navyo, bei yake ni ya wendawazimu. Basi mume wa dada yake shemeji, fundi kama yeye, akanunua kimoja akamfungia mama. Tangu hapo mama anamwita "mwanangu" huku, "mwanangu" kule. Kaka anakonda kwa wivu!

Leo umeme ukawa unakatika kila mama akichomeka pasi. Kaka uso ukamng'aa! "Si nilisema, mama? Umeuziwa kopo!"

Mwenzake, ambaye naye alikuwepo, akachukua bisibisi. Alifungua tu ile soketi ya pasi. Ndani waya umelegea, umeungua mpaka umekuwa mweusi, kumbe cheche zilikuwa humo.

Mama akauliza, "Soketi hii alifunga nani?"

Kaka macho darini. Nakwambia, darini!

"Nimeuliza, alifunga nani?"

Alifunga kaka, mwaka jana, kwa mbwembwe zote 😭

Sasa tuko njiani, kanuna. Ila kaninong'oneza, "Hebu nitafutie kwenye simu, kile kikopo siku hizi ni bei gani?"