Feri ya Gothenburg

Edmonton, London
12 Machi 1974

Baba, shikamoo.

Sijamwambia mtu kwamba nilichagua mji wako kwa kazi ya jiografia ili nijue kwa nini huji. Kalpana, mwenzangu darasani, aliuliza, "Una mtu Gothenburg?" Nikasema sina.

Niliandika habari za bandari, magati, viwanda vya meli, na jinsi watu wa Denmark wanavyovuka kuja kufanya kazi huko bila pasipoti. Mama aliisoma ili atie sahihi.

"Kumbe ipo feri ya kuja Uingereza?"

"Ipo, Mama. Siku moja na ushei."

"Na mie miaka sita nawaambia watu ni mbali."

Akatia sahihi, akaendelea kupiga pasi. Mimi nilinakili ratiba ya feri. Nimeitia ndani ya bahasha hii.

Mwanao,
Raya