Kuku wa Kila Mtu na Boksi Lake

Jumamosi usiku

Na mimi nilivyong'ang'ania! Mwanangu Riziki aliniambia mapema, "Mama, mamake Hamisi tumpeleke kibandani kwa Bi Saumu, akale wali wa nazi na samaki wa kupaka." Nikakataa. Mama wa mchumba wake atoke Msambweni aje kukalishwa kwenye benchi? Nikampeleka kwenye ule mkahawa mpya wa kampuni ya Nairobi, wenye kiyoyozi.

Kila mtu akaletewa boksi lake la kuku na chipsi. Tukaanza kula, kila mmoja kainamia lake, kama wagonjwa wodini. Moyoni nikasema, posa ndiyo hiyo imeharibika.

Mara mamake Hamisi akakusanya maboksi yote, akamwaga kila kitu kwenye trei moja. "Dadangu, tutakulaje kila mtu na chake, nasi twataka kuwa jamaa?"

Wahudumu wakabaki kututazama. Sisi tukaizunguka trei, na mazungumzo yakafunguka, vicheko hadi machozi.

Nikawa natafuta paja zuri nimsogezee, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni wake. Silioni. Kutazama, liko mbele yangu.

Keshanisogezea yeye.