Foto ya Divine

Punia, 12/1/2003

Mama Divine mupenzi,

Natumaini barua hii itakukuta muzima, wewe, mutoto na mama yangu. Mimi niko muzima. Malaria njo inanitembelea na kurudi kwao. Barabara ya Kindu bado imefungwa na vita. Niliondoka nikakuacha na mimba, sasa ninasikia tu kwamba mutoto ana mashavu.

Tafuta Soudi, mupiga foto. Mupatie masharti yangu. Mama akae katikati, yeye njo mukubwa. Radio ionekane. Mutoto afunikwe vizuri, asipate baridi. Nyuma tuone nyumba yetu pamoja na muto Lualaba. Soudi asimame mbali, viatu vyote vionekane. Utume kwa watu wa velo, wale wanaosukuma baiskeli zao mpaka huku.

Baba Divine

Kindu, 20/2/2003

Baba Divine,

Salamu nyingi, na pole ya malaria. Sisi wazima. Mama anaumwa magoti, lakini kinywa chake kizima kabisa.

Foto njo hii. Soudi aliuliza, "Mume wako anataka kuona nini?" Nikamusomea masharti yote. Akasema nyumba na Lualaba haviwezi kuonekana pamoja mpaka tuhamishe kimoja. Tukachagua nyumba. Tulichelewa, Mama alikuwa anabadilisha vitambaa, jua likawa kali. Soudi akatuomba twende kwenye kivuli. Mama akakataa, akafungua mwavuli. Halafu jirani Bruno akaja kusimama nasi, kwa sababu radio ni yake. Kila muntu alimufundisha Soudi kazi yake, hata mimi. Mwishowe akapiga tu.

Mama Divine

Punia, 30/3/2003

Mama Divine,

Salamu kwenu wote. Malaria imepungua. Foto nimepokea. Ninaona Mama. Ninaona mwavuli, radio, na Bruno amevaa suruali yangu. Wewe, mwavuli umekukata kichwa. Mutoto iko wapi? Wenzangu wamenisaidia kutafuta. Onema anasema labda ni ile blangeti.

Kama Soudi hajui kazi, tafuta mwingine.

Baba Divine

Kindu, 2/5/2003

Baba Divine,

Tunakusalimu, na sisi hatujambo. Ndiyo, blangeti njo mutoto wako. Ulisema afunikwe. Suruali nilimuazima Bruno. Zake zilichukuliwa na wenye bunduki.

Nilienda kumugombeza Soudi. Akanijibu, "Nilipewa masharti mengi, lakini lile swali langu halikujibiwa." Filme yake inakaribia kuisha, na ndege ya kuipeleka Goma kusafishwa haiji kila mara. Amekubali kurudia, ila anataka ujibu mwenyewe: unataka kuona nini? Fikiri kwanza.

Mama Divine

Punia, 11/6/2003

Mama Divine,

Habari za nyumbani? Mimi niko salama. Nimefikiri. Nataka kuona uso wa mutoto, basi. Ninyi wengine ninawajua. Nikisikia mutoto wa jirani analia, ninajaribu kumuwaza wetu, na inanijia blangeti.

Soudi achague mahali na saa. Mama umuombe musamaha kwa ajili yangu.

Baba Divine

Kindu, 4/8/2003

Baba Divine,

Sisi wazima, na foto njo hii. Tulifika kwake asubuhi, saa ile aliyotaka Soudi. Mutoto alikuwa amenyonya, amelala. Soudi akatuweka karibu na mulango, akangoja. Nilimeza maneno yangu, ingawa niliona kamasi. Mutoto akafungua macho, akamuangalia; pale njo alipiga. Mama akauliza, "Na mimi?" Soudi akamuambia, "Mama, angalia lile paji la uso wa mutoto. Uko pale." Mpaka leo anatembea akilishika paji lake.

Mama Divine

Kindu, 21/9/2003

Baba Divine,

Leo barua haina safari. Umelala chumba cha pili, na mimi ninaenda sokoni. Sikutaka kukuamsha baada ya njia yote ile na watu wa velo. Afya yako sikuulizi, nimeiona: umekonda.

Usiumie kwamba Divine alilia ulipomubeba, akatambaa kujificha nyuma ya Mama. Wewe ulitembea na uso wake mufukoni. Yeye, hakuna aliyemuonyesha wako. Foto zetu za ndoa ziliungua pamoja na duka letu. Hata moja haikubaki.

Kesho asubuhi Soudi anatungoja, apige foto yenu ninyi wawili. Atatungoja mpaka Divine anyamaze.

Mutoto akiamka kabla sijarudi, usimukimbilie. Kaa chini, uangalie kando, umuache akuje mwenyewe.

Mama Divine