Kwa Fundi Majokofu Aliyeona Jiwe Kati ya Mirihi na Mshtarii

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliposhuka paani kwa mara ya mwisho, mpendwa wetu, ukatuachia darubini na funguo za karakana.

Mchana uliyatibu majokofu ya mtaa mzima. Hukuwahi kumwambia mteja kwamba mota imekufa ilhali ni waya tu uliolegea. Jioni ulipanda paani na darubini uliyoiunda mwenyewe, na kamera uliyoipoza kwa vipuri vya majokofu yaliyokwisha kukata roho. Jumapili asubuhi uliimiliki meza ya chakula, ukizipitia picha za anga kwenye kompyuta, nasi tukanywa chai tumesimama.

Hapo ndipo ulipokiona kitone kikihama kati ya nyota zilizotulia. Mkeo akaja na kitambaa, akapangusa kioo.

“Mama watoto, hilo si vumbi,” ukamwambia. “Ukilitoa, tutaonana mahakamani.”

Wataalamu walithibitisha: ni asteroidi ya ukanda mkuu, jiwe lilizungukalo Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, wala hakuna aliyekutangulia kuliona. Hukuwa na shahada ya elimu ya nyota. Ulikuwa na subira. Ukapewa haki ya kulipendekezea jina, lakini maradhi yakakuwahi.

Katika kikao cha familia, kaka yako, aliyekutangulia vidato viwili katika shule ile ile ya bweni, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka kwamba jiwe lipewe jina lako na mjadala umefungwa.

“Haujafungwa, shemeji,” mkeo akasema. “Yeye alitaka liitwe Mama Giza.”

Ndiye jirani yetu mwenye duka, aliyeizima taa yake kubwa ya nje kila ulipopanda paani ili mwanga usikufichie nyota, hata wateja wakadhani amefunga.

“Shuleni tulifundishwa kwamba mpakuaji hujipakulia wa mwisho,” kaka yako akajibu. “Wa mwisho, shemeji. Si kwamba alale njaa. Sasa ni zamu yake.”

“Alishiba siku ile alipoliona. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama usoni.”

Kaka yako hana mazoea ya kushindwa. Hata hivyo aliliandika jina la jirani kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimenyooka kama gwaride. Mwezi uliopita lilikubaliwa, naye akaipeleka habari dukani.

“Kubwa kiasi gani?” Mama Giza akauliza.

“Kama mlima.”

“Na umeme wake analipa nani?”

“Halina umeme, mama.”

“Basi nalipokea,” akasema, akaendelea kumpimia mteja sukari. Jioni ile taa yake haikuwaka kabisa.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo, binti zako wawili, kaka yako, wakwe zako na mafundi wenzako wa karakana.

Maadamu tungali hai, hutatutoka mioyoni.