Figo la Flavian

Kaengesa, 12 Machi 1974

Mjukuu wangu Wilibrodi,

Picha yako kutoka hospitali ya Ulaya imefika. Kweli uso umevimba kama boga. Lakini kuacha dawa eti zinakuharibia sura ni upumbavu! Madaktari walishakwambia: bila dawa mwili utalikataa figo la kaka yako. Wao wanachunguza damu yako kila siku, wewe unachunguza kioo.

Flavian alipasuliwa akakupa figo, na juzi amewashinda kulima matuta vijana wote wa kijiji chetu cha ujamaa. Hajisifu hata kidogo, mtoto yule. Ila kila Jumapili tukitoka misa ananiuliza, "Bibi, figo langu huko halijambo?"

Nimjibu nini? Meza dawa, ndipo uniandikie.

Bibi yako nisiyebembeleza mtu,
Luciana