Magunia juu ya karavani

Darlène, shika simu! Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Ule muzee Hendrik, mugeni wa pasta, mwenye alikuja na karavani, ile nyumba ya magurudumu, ndefu kama basi, unamujua. Iko kwenye kiwanja cha kanisa hapa Likuni. Joto ilikuwa inamuua mule ndani. Pasta akaniambia: "Josué, fanya kitu."

Juzi nikafanya vile tunafanyaka kule kambini Dzaleka juu ya mabati. Nikalowanisha magunia, nikapanda, nikafunika paa yote. Yote, Darlène! Na kweli ikapoa. Muzee akanishika mukono: "Zikomo, Josué, sasa ninalala mpaka asubuhi."

Leo akanituma nimuletee maji ya frigo. Nafungua, iko moto. Frigo, moto! Taa yake imezima.

Nikapanda mbio, nikainua gunia. Chini yake kuko vitu vyeusi, vyembamba, vimegandishwa kama karpeti. Mi nilizani ni mpira wa kuzuia mvua. Kumbe njo solaire, ya kutoa umeme wa jua! Ya kwetu inasimamaka juu ya kyuma, ningejua namna gani?

Siku mbili nimemufunikia umeme.

Na insulini yake yote iko mule kwenye frigo. Sijui betri ilikufa saa ngapi, na hii joto!

We njo infirmière, unatunzaka wagonjwa, niambie: imeharibika? Sindano yake ni saa kumi. Sasa ni tisa na nusu, na muzee iko ananiita. Hajui kitu. Anataka pasta atupige foto, mi na yeye, mbele ya karavani.