Anazikwa Kwanza, Halafu Anarudi

Alhamisi, 6 Juni 2024

Leo tena Ile ya Ukungu, kwa Okeyo, ukumbi wake wa video hapa Mashimoni. Mwaka wa tisa! Kila Alhamisi saa nane mchana. Jina la kweli la hiyo sinema hakuna anayejua. Lugha hakuna anayeisikia — mimi nashika kidogo. Mtu wa koti refu anazikwa kwenye mvua. Kengele. Farasi peke yake barabarani. Halafu CD ya pili — huyo! Anatoka kwenye ukungu mzima kabisa, anabisha, mkewe anafungua, anamwosha miguu. Kijana mgeni akapiga kelele, buda, huyu si tumemzika saa hii? Nikasimama. Nikamwambia udongo ulimkataa, kaa chini. Akakaa. Bila mimi hii sinema hawangeielewa!

Mlango wa kwenye sinema ukifunguka, Mildred husema "karibu nyumbani," na ukumbi wote nyuma yake, "karibu!" Mildred ni yule wa kukaanga samaki hapo nje. Mumewe alianguka kwenye mjengo akafa, hata mwaka haujaisha. Samaki anaachia jirani. Alhamisi hakosi.

Jumapili, 9 Juni

Mjukuu wangu Hanan amekuja kutoka mtaa wa Satellite. Nikampeleka kwa Okeyo aone babu yake anavyoheshimiwa. Akatoa CD kwenye kasha, akazigeuza kwa mwanga. Babu, hii umeandika 1, lakini hapa karibu na shimo wameandika 2. Nikasema simu imemharibu macho.

Okeyo akavaa miwani. Kweli ni 2.

Jumatano, 12 Juni

CD nilinunua mimi, stendi ya Kawangware 56. Mbili, kasha moja, zimelala ubavu kwa ubavu. Nikachukua kalamu nikaandika 1, 2 — kutoka kulia! Herufi nilifunzwa madrasa, ustadh alianzia upande wa kulia, na huu mkono huanzia huko mpaka leo. Kosa ni la aliyepanga kasha.

Okeyo anataka kesho iende sawa. Nikamwambia ikienda sawa mtu anaoshwa miguu, anazikwa, basi. Mildred je? Akacheka, Mzee Murjan, wewe unaogopa tu watajua umetupotosha miaka tisa. Mimi! Siogopi mtu. Mke wangu Zeinabu akadakia, kama huogopi si uwaambie. Huyu mwanamke.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi. Pamejaa mpaka mlangoni, Okeyo ametangaza leo ni Ile ya Ukungu ya kweli. Nimesimama nikawaambia yote, ya ustadh, ya kuanzia kulia. Wamecheka mpaka benchi moja limevunjika. Nikawaambia wenye sinema walikosea, mimi nikawatengenezea! Wakapiga makofi. Nusu wanataka ya wenye sinema, nusu wanataka yangu. Okeyo ameshika CD zote mbili — Mzee, ni yako, sema wewe.

Mildred ndio anaingia, mikono ina unga. Hajasikia kitu. Amekaa kando yangu. Ananiuliza, mbona wamenyamaza? Naendelea kuandika.

"Okeyo, si umzike haraka, arudi!" anasema. "Samaki nimeachia mtu hajui kugeuza."

Hakuna anayecheka. Okeyo ananiangalia mimi.